Wanene Katika Mikebe ya Baba

Jumamosi, 2 Machi

Baba kafika! Kaka kamshusha mlangoni na begi la nguo, pamoja na furushi la kitambaa lililofungwa fundo juu. Furushi zito kuliko begi. Kaka hata chai hakunywa. Ana kinyongo bado — alitaka Baba akakae kwake, na Wifi alishatandika mpaka kitanda. Lakini nilikaza kamba. Kwao kelele za watoto kutwa. Kwangu kimya, chumba kipo, mume sina, na mimi ndiye mziwanda. Mzee huzeekea kwa mziwanda. Sheria hiyo nimeitunga mwenyewe, ila Baba aliikubali bila ubishi.

Macho yake yamezidi kufifia. Mtoto wa jicho. Anasubiri zamu yake ya kupasuliwa. Mimi kutwa nashughulika na lenzi za watu dukani, na kwa baba yangu mzazi sina lenzi ya kumfaa.

Nimemtembeza bustanini. Naiita bustani — ni kiua chembamba nyuma ya jiko, rafu za mbao ukutani na jua la asubuhi, basi. Majina ya kitaalamu ya mimea yangu yanategua ulimi. Majani yao manene, wamejaa maji, kwa hiyo nawaita wanene. Yupo Mikia, anayening'inia. Yupo Bwana Miba, ambaye hana rafiki. Na yupo Bibi Harusi, kipenzi changu, amejipanga jani juu ya jani kwa mviringo, na kila jani limepakwa poda nyeupe tangu kuzaliwa. Nikamweleza Baba: hiyo poda ndiyo urembo wake, na ndiyo kinga yake ya jua. Haiguswi. Ukiigusa inatoka, na jani lile halipati poda nyingine mpaka linakufa.

Baba akauliza, ni kama unga? Nikasema kama unga. Akacheka — basi tutaelewana. Mwokaji mikate huyu! Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa, yeye bado ananukia hamira. Au ni mimi ninayedhani.

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta jikoni, ameinama, mkono mzima ndani ya oveni, anapapasa. Mle nimeweka vikaango na sufuria kubwa, kama watu wote wanavyofanya. Kaniuliza kama inawaka. Nikamwambia sijawahi kuiwasha tangu ninunue jiko. Mkate upo duka la kona, laini kama sponji. Akasema, "Aa." Akafunga mlango wa oveni polepole.

Kitu kimoja kinanikera kidogo, nikisema kweli. Akinawa, ananawa mpaka viwikoni! Hata kama anakunywa chai tu. Mazoea ya kazi, anasema, mwokaji hanawi vidole. Bomba linaimba mpaka mtu unakata tamaa.

Na anagusa kila kitu. Ukuta, meza, vikombe, mgongo wa kiti. Macho yamehamia mikononi. Mimi kazini kutwa nafuta alama za vidole kwenye miwani — nikifika nyumbani nazikuta mpaka kwenye kioo cha kabati. Zake nazijua kwa kuziona tu. Hazina michirizi. Trei za moto zilishaifuta zamani, linabaki doa laini, tupu. Hata pale ofisi ya vitambulisho mashine ilimkataa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefagia chumba cha Baba, fagio likagonga furushi chini ya kitanda. Nikachungulia. Mikebe ya kuokea mikate! Ile ya zamani, ya bati nene. Myeusi tititi, nje na ndani. Sijui anahangaika nayo ya nini, kiwanda chenyewe hakipo.

Halafu nimeona picha kwenye simu. Mtu kapanda wanene kwenye makopo ya zamani, kayapanga dirishani, kumependeza ajabu. Vyungu vyangu vya udongo vinalemea rafu. Na maonyesho ya maua pale ukumbini ni wiki ijayo... Nimepata wazo. Baba atafurahi! Mikebe yake imekaa gizani bure.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka kampeleka Baba kliniki ya macho. Asubuhi yote nimeifanyia kazi mikebe.

Kwanza kuisugua. Waya wa sufuria na mchanga, mpaka kucha zimelia. Ule weusi ulikuwa umeng'ang'ania kweli kweli! Lakini mimi na doa hatulali nyumba moja. Umetoka wote. Chini yake bati linang'aa mpaka unajiona pua. Kisha msumari na nyundo — matundu chini ya kila mkebe. Mnene bila tundu chini ni marehemu: maji yakituama, mizizi inaoza. Kisha kokoto, mchanga, udongo kidogo. Nimewahamisha wote. Bibi Harusi nimempa mkebe wa mbele, uliong'aa zaidi.

Baba karudi mchana. Nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe, nikamwambia nimekuwekea kitu. Kapapasa mkebe wa kwanza. Ukingo, ubavu, kisha akapitisha kidole chini. Kidole kikasimama penye tundu. Kikakaa hapo.

"Imepata kazi nyingine," akasema.

Nikamwuliza, imependeza? Akasema imependeza sana, mwanangu. Kisha akaenda kulala, kliniki imemchosha. Kaka alikuwa kasimama mlangoni, anaitazama mikebe. Akaaga akaondoka. Wivu tu huo.

Ijumaa, 15 Machi

Nina hasira hata kalamu haishikiki.

Kesho maonyesho. Mwezi mzima nimemgeuza Bibi Harusi kidogo kidogo ili jua limpate pande zote. Sijampulizia hata pumzi. Leo natoka kazini, nakutana na Bi Ushauri, yule jirani ambaye hata ukipiga chafya anakuambia ulipaswa kupiga vipi. Nimemkaribisha amwone Bibi Harusi kabla ya umma. Tunafika uani — Baba huyo hapo. Kamwinamia. Kidole gumba kimezama kwenye jani, analibonyeza na kuliachia, analibonyeza na kuliachia, kama anavyobonyeza kinyunya kuona kama kimeumuka. Jani la pili, la tatu. Upande mzima una madoa ya kijani! Poda imekwenda. Na jani moja la chini limekatika, liko sakafuni.

Akageuka, akatabasamu. Akasema alitaka kujua kama Bibi Harusi ana kiu.

Nilimpigia kelele. Mbele ya Bi Ushauri. Nilimwambia, "Baba, toa mikono yako hapo! Kila unachogusa unakiharibu!"

Akaitoa mikono. Akaishika kwa nyuma. Bi Ushauri akarudi nyuma hatua moja. Akasema ameacha chungu motoni.

Najua nimesema vibaya. Nimemwambia! Nilimwambia siku ya kwanza kabisa! Haya, nitamtengenezea chai yake. Hasira hasara. Lakini jamani — kesho!

Jumamosi, 16 Machi

Nilimpeleka Bibi Harusi hivyo hivyo, upande wenye madoa nimeuelekeza ukutani. Mwamuzi, mama mmoja mwembamba, akauzungusha mkebe kwa ncha ya kalamu, akaona, akasema pole, nani kamshika? Nikasema ni bahati mbaya. Akasifu mkebe. "Mkebe mzuri sana huu, wa zamani." Ushindi hakuna.

Nimerudi. Baba kaniuliza mambo yamekwendaje. Nikasema salama. Nilitaka kuongeza neno kuhusu jana. Nikaenda kufua. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 18 Machi

Baba kanichekesha leo. Mezani, mkono umefika nusu ya njia, akausimamisha hewani, akauliza, "Niguse sukari?" Kwa heshima zote! Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia gusa Baba, sukari haina poda. Akatabasamu. Basi yameisha, mzee hana kinyongo. Afadhali maana lile neno la kusema sijalisema bado, na sasa naona halina haja.

Jumatano, 20 Machi

Haikuwa mzaha.

Nimemtazama leo vizuri, kwa kuwa nilitoka kazini mapema. Anatembea ndani ya nyumba mikono iko mifukoni mwa sweta. Hapapasi ukuta. Akifika mlangoni anasimama, anasubiri nimfungulie. Alijigonga kwenye kona ya meza, pu, na mikono haikutoka mifukoni hata kujikinga. Chai hanywi mpaka nimweke kikombe mkononi. Na kunawa — bomba halikuimba. Kanyunyiza ncha za vidole tu, kama mtu anayeogopa kumaliza maji ya watu.

Kioo cha kabati ni safi. Hakuna doa hata moja. Niliitaka nyumba safi, nimeipata.

Nikamwambia, Baba, gusa tu, nyumba ni yako. Akasema, "Nashukuru, Mziwanda." Kama unavyomshukuru mtu wa hoteli.

Ijumaa, 22 Machi

Anataka kwenda kwa Kaka kusalimia wajukuu. Siku mbili tatu tu. Nikasema vizuri, atabadilisha hewa. Kaka kaja kumchukua. Nilipombebea begi niliona limejaa kama siku aliyokuja. Nguo zote! Nikajifanya sijaona. Kwa nini nilijifanya sijaona? Ningeuliza, angejibu.

Mlangoni akanipa kile kitambaa cha furushi. Kakikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akasema kitanifaa, nifutie vumbi la vyungu. Na hakunipa mkono. Alisimama tu akasubiri niushike mkono wake mimi.

Jumapili, 24 Machi

Nimempigia Kaka kujua Baba atarudi saa ngapi. Kaka akasema Baba hatarudi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikamwambia kama ni lile la Bibi Harusi nilikuwa na hasira tu, nitamwomba radhi, anipe simu. Akasema amelala. Saa nne asubuhi! Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote! Nikasema basi mwambie mimi ni mwanawe, neno moja tu la hasira haliwezi kumtoa mzee nyumbani. Hapo Kaka akasema, "Wewe unadhani ni neno? Wewe uliitoboa mikebe yake."

Nikasema ilikuwa chini ya kitanda. Michafu. Haina kazi.

Akanieleza. Nayaandika hapa yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Baba hakuja kwangu kwa sababu ya kimya. Wala kwa sheria yangu ya mziwanda. Wifi alishamtandikia kitanda, akakataa. Alimwambia Kaka, Mziwanda anakula mkate wa dukani, peke yake, na oveni anayo. Nitakwenda kumwokea. Mikebe aliyoibeba ndiyo aliyoanzia kazi, kabla ya kiwanda, alipokuwa akioka nyumbani na Mama anauza. Kiwanda kilipofungwa watu walichukua mashine, yeye alikuwa keshaondoka na mikebe yake chini ya kwapa. Na ule weusi haukuwa uchafu. Ni mafuta na moto, safu juu ya safu, tangu sisi hatujazaliwa. Ndio unaofanya mkate usishike. Mwokaji hausugui. Anaufuta kwa kitambaa kikavu tu, basi, kila siku, maisha yake yote.

Kitambaa kile.

Nikamwuliza Kaka, kwa nini hakusema? Ningeacha! Akasema Baba aliuliza siku ile ile garini, wakati wanatoka kliniki kabla hawajafika, kama njiani kuna duka la hamira. Walinunua. Ilikuwa mfukoni mwake nilipomshika mkono kumwonyesha. Baada ya hapo alimwambia Kaka neno moja tu: mgeni hatoi amri.

Mgeni. Nilimgombania mpaka nikakosana na ndugu yangu, nikamfanya mgeni.

Jumanne, 26 Machi

Kazini nimevunja lenzi ya mteja. Sijawahi. Bosi kaniambia nikapumzike.

Nimekaa uani nikiwatazama wanene. Wamenawiri, hawana habari. Nilimpigia Baba kelele kwa poda ya majani machache — mimi! Asubuhi moja, na waya wa sufuria, mimi nilikuwa nimetoa ya miaka yote. Na nilikuwa naimba, nakumbuka. Nilikuwa naimba wakati nasugua.

Akaniambia imependeza sana.

Alhamisi, 28 Machi

Nimewang'oa wote. Nimewalaza kwenye magazeti, mizizi juu. Mnene anaweza kukaa hivyo wiki nzima asilalamike, hiyo ndiyo sifa yake. Kuna vitu vinavumilia kuliko inavyostahili.

Bi Ushauri kachungulia kwa juu ya ukuta, akauliza kama nimeamua kuacha. Nikamweleza. Nilitegemea ushauri. Akasema tu, alfajiri moja Baba alipokuwa bado kwangu, alimwona uani anaipapasa mikebe chini, mmoja mmoja, akimsogeza mnene taratibu asiumie. Sasa anadhani alikuwa anatafuta mkebe ambao sikuutoboa.

Nilitoboa yote.

Jumamosi, 30 Machi

Kwa fundi bati. Nimempelekea mikebe yote ndani ya kile kitambaa. Kaitazama juani mmoja mmoja, mwanga ukimpiga usoni kupitia matundu. Akauliza nani kafanya kazi hii. Nikasema mimi. Akasema una mkono mzito, mama.

Kuziba kwa risasi ya kulehemu hataki. Ni chombo cha chakula, ikipata moto ni sumu. Mingi kati ya mikebe bati limepasuka kuzunguka tundu. Hiyo akasema niiache ikae na maua yake. Mmoja tu ndio unaokubali kiraka. Atakata bati safi, ataligongomea kwa chini, kingo azipondeponde zilale. Akauliza kwa nini nisinunue mpya, ipo mizuri sokoni, mingine hata haishiki mkate kabisa. Nikasema huu si wa kununua. Akanitazama, akachukua nyundo.

Kiraka kinaonekana. Ukipitisha kidole utakijua papo hapo. Na Baba ndivyo anavyosoma, kwa kidole.

Jumatano, 3 Aprili

Nimetoa vikaango kwenye oveni. Nimeiwasha mara ya kwanza! Ilinuka plastiki, kisha ikatulia.

Wifi ndiye aliyenifundisha kwa simu, kwa kunong'ona, Baba alikuwa chumba cha pili. Paka mafuta kidogo sana. Yafute kama umeghairi. Choma. Acha upoe. Rudia. Nikamwuliza, Baba anasema nini juu yangu? Akasema, hasemi kitu, wifi yangu, na hapo ndipo penye kazi. Hata kwetu hapa haoki. Nimemwekea unga mbele yake, anakaa tu nao, mikono mifukoni. Watoto wamemzoea hivyo.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Afadhali angenitukana.

Nyumba imejaa moshi. Bi Ushauri kaja mbio kuuliza nimeunguza nini. Nikamwambia mkebe mtupu. Akaondoka akitikisa kichwa. Mkebe umekuwa rangi ya asali. Mweusi bado sana.

Jumapili, 7 Aprili

Nimechoma tena, na tena. Hudhurungi sasa. Kiraka kimechukua rangi tofauti na kwingine. Hata iweje hautakuwa ule.

Bibi Harusi nimempanda kwenye chungu cha udongo. Anatoa majani mapya katikati, meupe pe. Yale yenye madoa ya Baba yanasukumwa chini, na jani moja, lenye doa kubwa kuliko yote, limeanza kukunjamana kwenye ncha. Kwa kawaida la chini likianza hivyo nalichuma, mmea ubaki nadhifu. Hili siligusi. Nimelitazama kwa lenzi ya kazini. Doa laini, halina mchirizi hata mmoja. Hakuna mwingine mwenye kidole hicho.

Na lile jani lililokatika siku ile, lile la sakafuni? Nililifagia. Mnene ukimlaza jani lake juu ya udongo anaota mwingine, kila mtu anajua, mimi mwenyewe nawafundisha watu. Nililifagia kwa hasira nikalitupa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimempigia. Wifi kamwekea simu sikioni. Nikasema, Baba, Jumamosi nakuja. Akasema karibu. Nikasema, Baba, nilikosea. Akauliza kama mvua imenyesha huku kwetu. Nikasema haijanyesha. Akasema wanene watakuwa wamefurahi.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa sebuleni kwa Kaka, daftari juu ya goti, kwa sababu nikikaa bure nitaenda jikoni, na Wifi kanikataza.

Nilifika mchana. Baba alikuwa jikoni mezani, sweta lile lile, mikono mifukoni. Kapungua. Wifi alikuwa amemaliza kukanda unga wa mkate wa nyumbani, bakuli liko mezani limefunikwa kitambaa, linaumuka. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, akauliza safari. Nikamwekea Bibi Harusi mbele yake, nikamwambia kaja kukusalimia. Akarudi nyuma na kiti! Kidogo, kama mtu aliyekaribia moto. Yule mwamuzi wa maua angempenda, hagusi kitu.

Basi nikautoa mkebe. Nikaufungua kutoka kwenye kitambaa chake, nikauweka mezani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, hotuba ndefu. Yote ikayeyuka. Nikasema, "Baba, nimeuziba. Nimeuchoma mafuta. Sijui kama nimeuchoma sawasawa."

Akausikiliza mkebe ulivyogusa meza. Akageuza uso kidogo upande huo.

"Ni wa maua huo," akasema.

Nikasema hapana Baba, ni wako. Nilikosa kukuuliza. Nikakupigia kelele juu yake, mbele ya watu, kwa jani. Nikaanza kulia, mtu mzima mimi. Akaniacha nilie. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio umeniua:

"Hukukosa kitu, Mziwanda. Nyumba yako, vitu vyako. Mimi ndiye niliyesahau mikono yangu."

Mikono haikutoka mifukoni.

Nilitaka kuushika mmoja niuweke juu ya mkebe kwa nguvu. Nilishainua mkono wangu. Wifi akanishika kiwiko, akanitoa jikoni, akanikalisha hapa. Kasema, umeshamshika mkono mara moja ukampeleka kwenye mkebe. Leo mwache.

Kaka katoka na watoto nje, nao wametulizwa, sijui kawaambia nini. Wifi yuko hapa anakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Mlango wa jikoni umerudishwa, haukufungwa. Tangu tutoke hakuna sauti. Nimemwuliza Wifi kwa kuchezesha midomo tu kama unga hautapita muda wake. Kainua mabega.

Sasa hivi kiti kimesogea.

Atakuwa anaenda chumbani kwake. Ana njia nyingine, kupitia uani.

Hapana — hajatoka. Bomba limefunguliwa.

Huenda ana kiu tu. Kikombe kiko pale pale pembeni. Lakini maji bado yanatoka. Yanatoka, yanakatika, yanatoka tena, kama mtu anayageuzia mikono huku na huku. Mtu mwenye kiu hafungui bomba muda wote huu. Wifi kaacha kukunja. Mimi nimeinuka nusu, nimekaa tena.

Limefungwa.

Kimya. Bakuli limefunikwa kwa kitambaa tu, na kitambaa hakina sauti kikifunuliwa.